Nilimwambia Asimame Aonekane

Uligeuza uso. Usinibishie, nakujua. Wiki jana nilipokueleza kwenye gazeti hili jinsi polisi wa kuzima fujo walivyovunja mlango wa bweni letu nikiwa mwaka wa pili, wakanivuta miguu kutoka chini ya kitanda, wakanipiga rungu mpaka mkono ukavunjika kama muwa, ulisoma nusu ukahamia ukurasa wa kandanda. Ulisema, "Hawa wanafunzi nao." Halafu ukaitisha chai nyingine.

Leo huhami. Leo anayevuja damu si mimi peke yangu.

Kama ndiyo unaanza, jina langu ni Lornah Obuya. Nakaa Riruta, kwenye ploti ya mabati nyuma ya Barabara ya Naivasha. Mama yangu, Mercyline, huwafulia watu nguo Lavington. Katika ukoo wetu wote, kwa baba na kwa mama, mimi ndiye wa kwanza kuingia chuo kikuu. Hakuna aliyenitangulia akanionyesha hata choo kiko wapi. Siku ya kwanza mhadhiri alipoingia ukumbini, nilisimama wima kumwamkia kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Nilisimama peke yangu. Ukumbi mzima ukacheka. Ni miaka sasa, na bado nayakumbuka meno yao.

Chuo nilijifundisha mwenyewe. Mkono ulipona umepinda, digrii nikaipata, na hasira ikanisukuma kutafuta ya pili, ya uzamili.

Nilitafiti nini? Wanawake wanaofanya kazi ndani ya majumba ya Lavington na Kitisuru, na kichapo wanachokula mle ndani. Niliwahoji siku zao za mapumziko, nyuma ya kanisa letu, tukimenya njugu. Niliwaapia kwamba hakuna atakayewajua. Kwenye tasnifu kila mmoja nikampa jina la mti. Mvule. Mkuyu. Msonobari.

Sura ya nne yote ilikuwa ya Mwarobaini.

Mwarobaini aliunguza shati la mwenye nyumba. Mke wa mwenye nyumba akamshika mkono, akaulaza juu ya meza ya kupigia pasi, akaikandamiza pasi kwenye kiganja. Mwenye nyumba alikuwepo, anakula. Hakuinuka. Alisema tu, "Hiyo pasi itaharibika."

Wewe nakuambia: Mwarobaini ni Veronicah, msichana wa Vihiga, rafiki wa Mama kanisani. Matajiri wake aliwajua kwa jina la mtoto wao tu, Baba Sammy na Mama Sammy. Jina jingine hakuwahi kupewa. Siku aliyoajiriwa walichukua kitambulisho chake, eti wamwekee kisipotee. Tangu hapo akitaka kuacha kazi, anaulizwa ataenda wapi bila kitambulisho.

Haya. Sasa shika kiti.

Siku ya kutetea tasnifu, Mama aliamka akanoa kisu.

"Hao maprofesa watakula nini?"

"Mama, ni sambusa na chai tu. Ndivyo wanafunzi hufanya."

"Mtu atoke kwake aje akusikilize, umpe sambusa? Watasema Lornah alizaliwa na nani?"

Akachinja kuku. Akapika chapati. Akajaza chai kwenye ile chupa yetu kubwa ya chuma, ambayo hutoka kwa harusi na matanga pekee. Akavaa kilemba cha Umoja wa Akina Mama wa kanisani. Akaniuliza kama huko ndani ataruhusiwa kupiga vigelegele.

Tulikwenda na Kanyiva, jirani yetu. Veronicah tulimkuta mjini langoni mwa chuo. Alikuwa amemdanganya Mama Sammy kwamba anakwenda kliniki. Alivaa blauzi mpya ya mikono mirefu, na kiganja cha kulia alikifunga leso.

"Vero, una uhakika?" nikamuuliza.

"Kwani nikose? Si ni mimi umeandika? Nataka kusikia nikisomwa."

Mlangoni msimamizi wangu, Daktari Nyawira, akanivuta kando. Ni mama mwema, lakini huongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mtahini wa nje ameugua. Profesa Kimanzi ndiye atakayekalia kiti chake. Ni mkali. Mpe heshima yake na atalegea."

Profesa Kimanzi nilimjua kwa picha tu, ile inayoning'inia kwenye ukuta wa idara. Mtu mzima, miwani ya fremu ya dhahabu, sauti ya upole. Alikuwa ameshaketi, anafungua chupa ya maji.

Hapa ndipo nilipomuua mtu kwa mdomo wangu. Sikiliza vizuri.

Kwetu huanzi kusema mbele ya watu kabla hujatambua wageni. Kanisani ni hivyo. Matangani ni hivyo. Harusini upande wa bibi harusi huambiwa usimame uonekane, na asiyetajwa hukaa na kinyongo mpaka kufa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwenye utetezi wa tasnifu hufanyi hivyo. Mtoto wa msomi angejua. Angeambiwa na babake mezani, kati ya supu na nyama. Mimi nani angeniambia?

Nikasema, "Kabla sijaanza, nina wageni wangu. Baadhi yao ndio walionipa maneno yaliyo ndani ya kazi hii. Akina mama, simameni mwonekane!"

Mama akasimama, akapunga mkono kama mheshimiwa. Kanyiva akasimama. Veronicah akanyanyuka nusu, akainama, kama mtu aliyepigwa teke la tumbo.

Nilidhani ni haya za wasichana wa nyumbani. Nikamwambia mbele ya wote, "Usiogope, Vero. Simama vizuri wakuone!"

Akasimama vizuri.

Mkono wa Profesa ulikuwa umeganda kwenye kifuniko cha chupa. Kisha akatabasamu. "Karibuni sana, akina mama. Jisikieni mko nyumbani."

Nikasoma kazi yangu. Nilisoma kama niliyekunywa petroli. Nilipofika kwa Mwarobaini, na pasi, na yale maneno ya mwenye nyumba, nikasikia mtu nyuma akisema, "Shetani." Nikafurahi.

Maswali yakaja. Profesa Kimanzi akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Huyu Mwarobaini anafanya kazi mtaa gani?"

"Siwezi kusema, Profesa. Nilimwahidi."

"Kitisuru?"

"Siwezi kusema."

"Na kama alikudanganya? Hawa watu huungua na mafuta ya kupikia, halafu wanatafuta wa kulaumu. Kovu uliliona?"

"Nililiona. Nililishika."

"Likoje?"

"Kama pasi. Ncha yake inaishia hapa, penye kidole gumba."

"Basi mlete tulione. Elimu ni ushahidi, binti. Taja jina."

Damu ikanipanda. Nikapiga meza kwa ule mkono uliopinda. "Nikimtaja nitakuwa nimemuuza. Sitamtaja hata mkininyima hiyo digrii!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Kuna mmoja alipiga mluzi. Nikajiona simba.

Simba gani? Nilikuwa nimeshamuuza, kwa sauti, mbele ya mnunuzi, na nikamwambia asimame vizuri.

Nilipogeuka kumtazama Veronicah, kiti chake kilikuwa kitupu. Mama alikuwa mlangoni, ananipungia mkono, na haukuwa wa vigelegele.

Watahini walinong'onezana kidogo tu. Profesa Kimanzi akanyanyuka kunipa mkono.

"Umefaulu. Hongera. Marekebisho ni madogo. Sura ya nne itoke yote."

"Yote? Profesa, hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Itoke yote."

Daktari Nyawira akanifinya kiwiko. "Kubali. Kubali kwanza, utalia baadaye."

Nikatoka mbio. Mama alikuwa koridoni na chupa yake ya chai kwapani, kuku na chapati akiwa amemwachia Kanyiva.

"Huyo wa miwani ndiye Baba Sammy," akasema.

"Nani?"

"Huyo huyo aliyekupa mkono. Vero ameniambia. Yeye hujua mzee anafanya kazi na serikali, basi. Amekimbia kuchukua kitambulisho na nguo zake kabla mzee hajafika nyumbani."

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Profesa alikuwa amelipa kundi mgongo, simu sikioni. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Sammy, uko nyumbani? Huyo msichana akifika, funga geti. Asitoke."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka pikipiki, kijana wa boda akiuliza kama tutalipa mbele, na sisi wawili nyuma yake tumebanana mshikaki, na ile chupa ya chuma ikinigonga mbavu kila shimo la barabara. Nilimwambia Mama aitupe.

"Nitupe chupa ya matanga ya mamangu? Wewe shika bodaboda."

Kitisuru kuna miti mingi na hakuna watu. Kuta, maua, mbwa, kuta. Kwenye geti lao jeusi alikuwa askari anayeitwa Ogutu, mtu wa kwetu kabisa, hutoa sadaka kanisani kwetu.

"Ogutu, ndugu yangu," Mama akasema. "Fungua."

"Mama Lornah, nikifungua leo, kesho nalala nje na watoto."

"Vero ako ndani?"

"Ako. Na kijana ako naye."

Ndipo tukasikia. Haikuwa sauti ya mtu, ilikuwa sauti ya mnyama aliyekanyagwa na gari. Mara moja, halafu tena.

Ogutu alitazama viatu vyake. "Mimi naenda kukojoa," akasema, akapotelea nyuma ya kibanda chake. Mlango mdogo wa geti aliuacha bila komeo.

Tukaingia mbio mpaka nyuma, penye kamba za nguo.

Sammy si mtoto. Ni jibaba la kifua cha kunyanyua vyuma. Alikuwa amekunja mpira wa kumwagilia maua mara mbili, anampiga nao Veronicah aliyelala kwenye nyasi, na kila pigo lilikuwa na neno lake, "madhe" akimaanisha mamake.

"Umepeleka! Madhe! Wangu! Chuo! Wewe! Umepeleka! Madhe! Chuo!"

Blauzi mpya ilikuwa imechanika mgongoni na mgongo umechanika pamoja nayo. Veronicah alikuwa amejikunja, kile kiganja kilichoungua amekificha kwapani, kana kwamba ndicho pekee kilichobaki cha kuibiwa.

Mama Sammy alikuwa kwenye dirisha la jikoni, kikombe mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, kama mtu anayeelekeza fundi, "Si usoni, Sammy. Usoni hapana."

Nikadaka ule mpira. Sammy akanitazama.

"Na huyu ni nani?"

"Mwandishi."

"Aa! Wewe ndiye msomi? Soma hii!"

Ngumi ilinikuta mdomoni. Jino likavunjika, nikalitema kwenye nyasi zao nzuri. Nikamrukia. Nikamuuma mkono mpaka nikaonja chumvi. Akanipiga goti la tumbo, nikaanguka, akaanza kunikanyaga mbavu, anauliza, "Ukurasa wa ngapi? Umefika ukurasa wa ngapi?" Nikaona viatu vyake vyeupe vikipanda na kushuka. Nikawaza, hivi ndivyo walivyonivunja bwenini. Viatu tu ndivyo tofauti.

Halafu nikasikia mlio kama kengele ya kanisa.

Mama alikuwa ameizungusha ile chupa kwa mikono miwili, ikatua juu ya sikio la Sammy. Kioo cha ndani kikapasuka, kifuniko kikaruka, chai ikamwagika ikifuka, damu ikashuka kukutana nayo shingoni. Sammy akapiga magoti kama anaungama.

"Hiyo ilikuwa ya maprofesa," Mama akasema, anahema. "Hawakunywa."

Nikamshika Veronicah kwapani. "Inuka, Vero, twende."

"Kitambulisho," akasema. Mdomo ulikuwa umevimba. "Kiko kwa droo ya Mama Sammy. Siendi bila."

"Tutaandikisha kingine!"

"Lornah, siendi bila! Wataniita mwizi wakikishika. Nitakimbilia wapi jina langu likiwa kwao?"

Nilimvuta. Akanikatalia. Tulikuwa bado tunavutana pale, wajinga wawili, Mama Sammy alipobonyeza king'ora.

Gari la kampuni ya ulinzi halikuchelewa. Wanaume waliruka na marungu wakauliza swali moja tu: "Wezi ni wepi?" Mama Sammy akanyoosha kidole. Kidole kilitosha.

Sitakueleza kila rungu. Nitakueleza moja. Lilishuka kwenye goti la Mama, goti hilo hilo analopigia juu ya sabuni na maji baridi tangu sijazaliwa, na nililisikia likiachana. Mama hakulia. Alisema, "Jamani, mimi ni mzazi." Wakampiga tena. Kilemba cha Umoja kikaanguka, wakakikanyaga.

Walituburuta mpaka nje wakatutupa barabarani. Ogutu naye wakamvua koti la kazi pale pale, wakamsukuma nyuma yetu akiwa na fulana iliyotoboka. Geti likafungwa, na komeo safari hii nililisikia. Veronicah alibaki ndani.

Wapita njia walikuwepo, usinidanganye kwamba mtaa ulikuwa mtupu. Alipita bwana mmoja na mbwa wake. Mbwa alisimama kututazama. Bwana akamvuta.

Ndipo gari la Profesa likafika. Akashusha kioo.

"Lornah. Mama yako ameumia. Mwingize kiti cha nyuma, nitamfikisha hospitali mwenyewe."

"Mtoe Veronicah."

"Nitamtoa. Leo hii. Kitambulisho mkononi, nguo zake zote. Nami nitakusimamia shahada ya uzamifu, na utaitwa Daktari Obuya kabla hujazeeka." Sauti ile ile ya upole. "Wewe utatoa sura ya nne, na utaandika kwamba mhojiwa alikiri kudanganya. Ukikataa, mkuu wa kituo cha polisi yuko njiani. Msichana ataingia ndani kwa wizi wa mkufu wa dhahabu, na mama yako kwa kujaribu kumuua kijana wangu."

"Uliketi ukila akichomwa," nikamwambia. Damu ilinitoka mdomoni ikamrukia mlangoni. "Ulisema pasi itaharibika."

Nilidhani atapandisha kioo. Badala yake akavua miwani.

"Unadhani nilizaliwa Kitisuru? Mama yangu alichota maji kwa punda kule Mwingi, na kusoma hajui mpaka leo. Nilikuwa wa kwanza kwetu, kama wewe. Siku yangu ya kwanza chuoni mhadhiri aliingia, nikasimama kumwamkia. Darasa zima likacheka. Unajua nilifanya nini?"

Nilitaka kutomjibu. "Ulifanya nini?"

"Niliketi. Sijasimama tena tangu siku hiyo. Ndiyo maana niko hapa." Akafungua mlango wa abiria kutoka ndani, ukanigusa tumbo. "Jifunze kuketi, binti yangu. Ingia."

Nyuma ya geti Veronicah alipiga yowe. Likakatika katikati. Baada ya hapo hakukuwa na kitu, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko yowe.

Mama alikuwa barabarani, ameshika goti kwa mikono miwili kama amebeba mtoto aliyefunikwa nguo. Ogutu ameketi kando yake. Mama aliniangalia. Hakusema ingia, hakusema usiingie. Kuhusu mambo ya chuo hajawahi kunishauri, anaogopa kunikosesha.

Nikashika mlango wa gari.

Nakuona. Unataka kujua kama niliingia, halafu ukunje gazeti. Sikuambii.

Nakuuliza wewe. Nani amekupikia hiyo chai iliyo mbele yako? Jina lake lote unalijua, au yeye ni "msichana" tu? Kitambulisho chake kiko wapi? Usijifanye kufikiri. Kiko kwenye droo yako, chini ya chaja mbovu na picha za pasipoti, ulipomwekea kisipotee. Kila siku unafungua droo hiyo kutafuta kitu kingine, na uso wake unakutazama, na wewe unageuza wako.

Weka gazeti chini. Usimalize chai. Nenda kwenye droo, kitoe, umpelekee jikoni mkononi mwake, na ukimkabidhi, uutazame mkono huo. Halafu uje Kitisuru, kwenye geti jeusi, uje na watu, maana jua linazama na yule ndani hapigi yowe tena.

Inuka. Sasa hivi. Simama uonekane.